Walimwogesha Mwanakondoo Wangu

Mimi sina ugomvi na wageni. Nasema hivi mapema kwa sababu mkwe wangu Verity ametangazia kijiji kizima kwamba mama mkwe wake hawataki watu wa mjini, na kuna watu wanamwamini. Uongo mtupu! Waje, walale, wale skonzi zao na malai na jamu, wapande treni ya moshi, wayapige picha maporomoko ya maji mpaka simu ziishe chaji. Nilichotaka mimi ni kitu kimoja tu, wasiguse kisichokuwa chao. Hicho tu, na kikawashinda.

Mume wangu Wilf alipofariki, shamba lote nililiandikisha kwa jina la mwanangu Stuart. Nilitia saini mwenyewe, akili zangu timamu, kalamu mkononi, na kila nikikumbuka natamani kujizaba kofi. Stuart si mtu mbaya. Ila ana mke, na mkewe ana mipango. Mwaka wa kwanza Verity alilichukua banda la farasi la zamani, akalipaka chokaa, akatundika mapazia ya maua, akaliita kijumba cha mapumziko. Sawa, sikusema neno, banda lilikuwa tupu. Mwaka wa pili jicho lake likatua kwenye Malisho ya Nyumbani.

Hayo malisho yako katikati ya kijumba na jikoni kwangu. Yana ukuta wa mawe pande tatu, na upande wa nne nyumba yenyewe inakinga upepo wa kaskazini. Mwezi wa Aprili, mvua ya mawe inapoanza kumwagika huko juu mlimani, hakuna mahali pengine kwenye shamba hili kondoo anaweza kuzaa na mtoto wake asigande kwa baridi. Hakuna! Kondoo wangu sitini huzalia pale, na kabla yangu walizalia pale wa baba mkwe wangu. Verity aliangalia nyasi zile akaona maegesho ya magari na beseni kubwa la maji moto la kukaa watu wazima wenye chupi.

"Mama, wageni wanaburuta masanduku kwenye tope," alinilalamikia.

"Wabebe begani," nikamjibu.

Tulizozana majira yote ya baridi. Mwisho Stuart akatukalisha mezani mwezi wa Februari, akatoa hukumu yake. Malisho yabaki yangu kwa uzazi wa mwaka huu, na miaka ijayo pia, kwa sharti moja, kwamba wageni wasilalamike juu ya kondoo. "Lalamiko moja tu, Mama," akasema, hata haniangalii usoni, "na sitaweza kukutetea." Nikakubali. Ningefanya nini? Nikawaza, kondoo atamuudhi nani?

Jumamosi kabla ya Pasaka wakafika hao wawili, Crispin na Philippa, mtu na mkewe, kutoka pande za London. Umri wao unakaribia wangu, wamestaafu, wana buti mpya ambazo bado zilikuwa na karatasi ya bei kwenye soli. Verity alikuwa amewawekea mezani jalada la matembezi. Jumapili bustani ya jumba la kale la lodi, yule bwana mwenye ardhi kubwa huku kwetu, maua ya manjano yamechanua mpaka ziwani. Jumatatu treni ya moshi. Jumanne maporomoko. Na chini kabisa, kwa mwandiko wake, bila kuniuliza, alikuwa ameongeza: "Msisahau kuwasalimia wanakondoo hapo mlangoni kwenu!" Niliyaona maneno hayo nikitandika vitanda, maana nguo za vitanda nazo ni kazi yangu.

"Nani kakwambia uwaalike watu kwa kondoo wangu wanaozaa?" nikamuuliza.

"Mama jamani, salamu tu! Salamu inaua?"

Jumapili alfajiri kondoo mmoja alizaa mtoto mfu. Alikuwa mama mzuri, kiwele kimejaa maziwa, akawa anamlamba yule mfu na kumwita kwa ile sauti ya chini wanayoitoa siku hiyo tu. Palepale ukutani, mwingine alikuwa amezaa watatu. Kondoo ana chuchu mbili. Yule wa tatu alikuwa kibonge kidogo cha mifupa, anasukumwa huku na huku na ndugu zake. Basi nikafanya ambalo kila mchungaji wa milima hii hulifanya. Nilimchuna yule mfu, nikatoboa matundu manne ya miguu, nikamvalisha yule wa tatu ngozi ile kama fulana. Kondoo hamjui mtoto wake kwa sura, anamjua kwa harufu, na zaidi ya yote ananusa mkiani. Nikamtia pamoja na yule mama aliyefiwa kwenye kizizi kidogo cha mbao karibu na ukuta. Akamnusa. Akamnusa tena. Akatoa ile sauti. Mtoto akaingia chini ya tumbo, mkia ukaanza kutikisika, nami nikasimama pale kwenye manyunyu nikicheka peke yangu. Siku mbili tu, harufu ya maziwa yake ikimwingia mtoto mwilini, unaivua ngozi, kazi imekwisha. Mama kapata mtoto, mtoto kapata mama.

Saa tatu asubuhi nikapanda mlimani na pikipiki yangu ya magurudumu manne kuwapelekea nyasi wale ambao hawajafikia siku zao. Nilirudi saa sita. Kizizini nikamkuta mama peke yake, anazunguka, anaita mpaka sauti imekauka. Mtoto hayupo. Chini kwenye majani makavu kulikuwa na kipande cha ngozi kidogo kama kiganja, kimekatwa kwa mkasi.

Kwanza nilidhani mwizi. Kisha nikanusa moshi wa sufu ukitoka kwenye bomba la kijumba, na miguu ikanipeleka yenyewe. Sikubisha hodi.

Mwanakondoo wangu alikuwa mbele ya jiko la kuni, kafungwa taulo jeupe la kuogea, manyoya yamefutuka kama katoka saluni. Ananukia lavenda! Crispin yuko chini kwa magoti anampiga picha. Philippa akaja mbio, machoni amejaa huruma, akanishika mikono.

"Bi Nora, afadhali umekuja! Sijui nikwambieje. Kijijini kwenu kuna mtu katili. Mtu mgonjwa kabisa wa akili."

"Kafanya nini?"

"Amemchuna mwanakondoo, akamvalisha mwenzake ngozi yake. Mbichi! Ina damu! Tulikuwa tunatoka kwenda bustanini nikamwona maskini anatembea na maiti mgongoni. Nimeikata na mkasi wa jikoni. Tukamwogesha kwa shampuu ya mtoto, laini kabisa, haichomi macho."

"Ngozi iko wapi?"

"Tumeichoma," akasema Crispin, na akanionyesha jiko kwa kidevu, kifua mbele, kama mtu aliyeua nyoka. "Usijali. Picha za ushahidi ninazo."

Haki ya Mungu, damu ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

"Huyo mtu katili," nikasema, "ni mimi."

Hawakuelewa. Philippa alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayedhani anataniwa. Basi nikawaeleza. Niliwaeleza polepole, kama unavyomweleza mtu aliyekuvunjia nyumba akidhani anakufagilia. Yule mama hatamtaka tena, nikawaambia, kwa sababu sasa mtoto ananuka chupa ya dukani. Na yale mafuta ya manyoya aliyozaliwa nayo, ambayo ndiyo koti lake dhidi ya baridi, yote mmeyamimina kwenye bomba la maji machafu.

"Lakini tungejuaje?" akasema Philippa.

"Kwa kuuliza! Mlango wangu uko hatua ishirini. Una kengele. Mna midomo miwili ninyi, hata mmoja haukuweza kuuliza?"

"Bibi, sisi tuliongozwa na huruma," akasema Crispin.

"Huruma yako ipeleke kwako! Nikija mimi huko kwenu, nikaingia hospitali nikamkuta mgonjwa ana mrija puani, nikauchomoa kwa huruma, utanishukuru? Utanipiga picha? Mmesoma miaka yote hiyo mkafundishwa kuingia zizi la mtu na mkasi? Wapumbavu wakubwa ninyi, na buti zenu za maonyesho!"

"Hatukulipa kuja kutukanwa," akasema, na uso wake ukawa mwekundu.

Nilimnyakua mwanakondoo na taulo lake nikatoka, mlango nikauacha wazi baridi iwaingie.

Mchana ule nilifanya kila ninachokijua. Nilimpaka mtoto majani machafu ya kizizini, nikampaka mkojo wa mama yake, nikampaka damu iliyobaki kwenye ule mwili uliochunwa. Mama akaja mbio akiita, akaweka pua mkiani, akapiga chafya. Akarudi nyuma hatua mbili, akamtwanga kichwa mpaka akagonga mbao. Nikamfunga mama shingo kwenye nguzo ili mtoto anyonye kwa lazima. Akalala chini juu ya kiwele chake. Nikamnyanyua, akalala tena. Unaweza kumlazimisha kondoo kusimama, ila kumpenda mtoto huwezi kumlazimisha. Na mtoto mwenyewe alikuwa anatetemeka vibaya, mdomo umekuwa baridi ndani. Nikampeleka jikoni, nikamlaza kwenye oveni ya chini, ile ya moto mdogo tunayowapashia joto wanakondoo, mlango wazi, nikampa maziwa kwa mrija wa mpira kidogo kidogo. Alikuwa ananiangalia. Nami nilikuwa nimekaa sakafuni namwambia, "Kunywa wewe, kunywa, usiwape hao raha."

Jumatatu asubuhi Verity aliingia bila hata kunisalimu. Nyuma yake Stuart, kofia mkononi.

"Wanataka kuondoka leo," akasema Verity. "Wanataka kuandika. Unajua mtu mmoja akiandika vibaya kwenye mtandao inakuwaje? Umewaita wapumbavu, Mama! Wageni!"

"Nimewaita jina lao."

"Mama," akasema Stuart. "Kawaombe radhi. Neno moja tu, wataridhika, hawataandika. Malisho yatabaki yako. Unajua tulivyokubaliana."

"Mimi? Mimi ndiye niombe radhi? Wameniingilia zizini, wamechoma ngozi yangu, wamemwogesha mtoto wa siku moja kwenye sinki, halafu mimi ndiye niombe radhi?"

"Ndiyo," akasema Verity.

Nilimwangalia mwanangu. Nilimngoja. Nilidhani, basi hata kidogo atasema, hapana, Mama ana haki. Akaziangalia buti zake. Nje ya dirisha kulikuwa na kondoo thelathini na mmoja ambao bado hawajazaa, na mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga vioo. Nikawaza, nikikataa, hawa wanatolewa leo hii wapelekwe mlimani. Nikasema nipeni nusu saa nibadilishe sweta.

Nilikuwa kwenye ngazi navaa sweta safi nikasikia jikoni kimya. Niliposhuka mwanakondoo alikuwa amekufa kwenye oveni, kichwa kimeegemea mlango. Lavenda ilikuwa bado inanukia. Nilimfunga kwenye gazeti nikamweka ukumbini, nikanawa mikono, nikaenda kuomba radhi.

Nisiwafiche, niliyameza yote. Nilisimama kwenye zulia lao nikasema nimekosea, nilikuwa nimechoka, maneno yalinitoka. Philippa akanikumbatia. Alinikumbatia kwa nguvu, na akaniambia kwenye sikio, "Tumekusamehe, Bi Nora. Tunaelewa, ninyi huku mna mila zenu. Na mtoto wetu anaendeleaje?"

"Amepumzika," nikasema.

"Jamani, mwambie tunampenda!"

Verity alikuwa mlangoni ananikodolea macho nisiongeze neno. Sikuongeza. Wakachukua makoti yao wakaenda kupanda treni ya moshi.

Siku ya kuondoka waliacha chokoleti mezani, na walipofika kwao wakaandika. Bila shaka wakaandika! Verity alitusomea mwenyewe wakati wa chakula. Kijumba kizuri mno, vitanda safi, mandhari ya peponi, mwenyeji Verity ni malaika, ila mbele ya dirisha kuna ufugaji wa kizamani unaoweza kuwaumiza wenye roho nyepesi, tunashauri uhamishwe mbali na wageni. Nyota nne.

"Lakini niliomba radhi," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto, na hilo liliniudhi kuliko yote.

"Nilikwambia, Mama," akasema Stuart. "Lalamiko moja."

Aliniruhusu nimalize kuzalisha, huo ndio wema wake. Mwezi wa Juni lilikuja greda. Lilianza saa mbili asubuhi, saa saba nyasi zote zilikuwa zimerundikwa pembeni kama zulia bovu. Ukuta wa upande wa magharibi wakaubomoa ili magari yapate kugeuza. Kisha yakaja malori matatu ya kokoto. Pale kizizi kilipokuwa wakaweka beseni lao, lina mfuniko na taa za bluu. Nilifunga pazia la jikoni, na mpaka leo sijalifungua.

Agosti wakarudi.

Nani? Haohao! Crispin na Philippa, na safari hii wameleta rafiki zao wawili, mume na mke, wote wamevaa kofia za jua. Ilikuwa Jumamosi ya maonyesho ya kijiji, jua kali, barabara yote imejaa magari ya watu wanaokwenda kuangalia keki na maboga na mashindano ya mbwa. Mimi nilikuwa natoka kijumbani na kapu la mashuka machafu. Wakaingiza gari, kokoto zikalia chini ya magurudumu, likasimama. Philippa akashuka huku amenyoosha mikono.

"Bi Nora! Nimewaambia rafiki zangu njia nzima, ngojeni muamke asubuhi mfungue dirisha muone kondoo wenyewe wako pale! Unagusa kwa mkono!" Akageuka kushoto, akageuka kulia. "Kondoo wako wapi?"

Verity alikuwa anakuja kutoka nyumbani na trei ya juisi baridi ya limau. Nilimwona anapunguza mwendo.

"Unauliza kondoo?" nikasema.

"Ndiyo, na zile nyasi, na ule ukuta mzuri wa mawe." Alikuwa ameanza kukunja uso. "Mbona kila kitu ni kokoto? Tumekuja maili mia mbili na hamsini kuangalia maegesho? Hata kwetu yapo! Nani kaharibu mahali pazuri namna hii?"

"Mama," akasema Verity nyuma yangu, kwa upole wa hatari.

Kapu nikaliweka chini.

"Wewe," nikamwambia Philippa. "Wewe ndiye uliyeandika wahamishwe. Yalisomwa mezani kwangu neno kwa neno, nikila. Hapo ulipoegesha gari ndipo walipokuwa wakizalia. Na yule uliyemwogesha alikufa kesho yake saa nne asubuhi, na mimi nikanawa mikono nikaja kukuomba radhi, ukanikumbatia."

Rafiki zao waliangalia milima. Philippa alikuwa mweupe kama shuka.

"Mimi niliandika tu maoni," akasema. "Kila mtu anaandika. Sikutaka wafanye hivi. Basi si wahamie malisho mengine? Mna mlima mzima! Mwakani watazalia wapi?"

"Mwakani hawazalii popote. Pengine pote ni baridi. Mnada ni tarehe kumi na mbili Septemba, wanakwenda wote sitini na watoto wao."

Kwa kweli mpaka dakika ile sikuwa nimelitamka hilo kwa mtu yeyote isipokuwa dalali. Hata Stuart nilikuwa sijamwambia. Lilitoka, likakaa pale juani mbele yetu wote, nikalisikia kwa mara ya kwanza kama wengine.

Philippa akafunika uso akaanza kulia, mabega yanatikisika. Verity akaiweka trei juu ya gari, akapita mbele yangu mbio kwenda kumletea kiti.